Sanduku la Dawa Lililovishwa Satini

Kojani, Pemba
13 Shaaban 1446
(12 Februari 2025)

Mpendwa mwanangu Nadhira,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ya hali, mwanangu? U mzima? Kifua kile kilichokuwa kikikubana ulipofika huko mara ya kwanza kimeacha? Tunasikia redioni kwamba Japani mwaka huu theluji imezidi, nami kila nikitandika kitanda kile ulicholalia ulipokuja, nakuwaza umejikunyata peke yako. Vaa soksi. Usinywe vitu vya baridi asubuhi. Na sala zako usiziache zikarundikana kwa sababu ya kazi. Kazi utaikuta kesho, wakati ukipita umepita.

Sisi huku tunamshukuru Mola. Mama yako nilizungumza naye, yuko Unguja, jino lake limeng'olewa na sasa anakula vizuri. Mume wangu Hafidh yuko dago, kambini na wavuvi wenzake, tunamtarajia kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Mwanangu Laila amerudi skuli. Nimemtaja Laila mwisho kwa makusudi, maana yeye na lile sanduku lake ndio walionikalisha chini na kalamu leo, mimi ambaye tangu nitoke darasa la saba sijaandika kitu kirefu kuliko ujumbe wa simu.

Barua hii anakuletea Usama, mtoto wa jirani yetu, anayerudi masomoni huko huko kwenu. Amekubali kukufikishia mkononi. Pamoja nayo kuna kifurushi nilichokifunga kwa kipande cha kanga. Usikifungue kwa pupa. Ndani mna lile bamba lako la kupozea sanduku la dawa.

Nadhira, moyo unanichemka. Nilitaka nianze kwa upole, nimeshindwa. Ninalokuandikia ni hili: bamba lako halikushindwa. Aliyekwambia limeshindwa na joto la kwetu amekwambia jambo ambalo silo. Liliuliwa, na waliolifanya hivyo ni watu wetu wenyewe, na baada ya kuliua wakakutupia wewe maiti.

Nikupe habari kwa mpango, ili wakubwa zako huko wakikuuliza uwe na la kuwajibu.

Unakumbuka ulivyokuja Idi ya mwaka juzi ukakuta dawa ya Laila nimeifukia kwenye chungu cha mchanga wa majimaji. Ulisimama pale jikoni ukaniuliza, "Shangazi, hivi ndivyo mnavyoiweka insulini?" Nikakwambia friji sina, na wenye friji umeme ukikatika wanakuwa na kabati tu. Ulikwenda ukakaa barazani, na jioni ile ukanieleza kazi yako, kwa mara ya kwanza nikaielewa, kwa sababu ulinieleza kwa Kojani yetu.

Ulisema bamba lina pande mbili. Umeme ukipita, joto linabebwa kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili, ndani ya sanduku pakawa baridi na nje pakawa moto. Tabu ni kwamba joto ni kaidi. Likishatolewa nje linataka kurudi ndani kwa kupitia bamba lile lile. Sasa tazama vichochoro vya hapa, ukasema, nyumba zilivyobanana. Mtoto mwembamba anakimbia kutoka pwani mpaka msikitini bila ya kugusa ukuta. Lakini wape watu wanne wabebe kitanda cha harusi: kila kona watasimama, watageuza, watagombana. Umeme ni yule mtoto. Joto ni kile kitanda. "Basi sisi, shangazi, kazi yetu ni kujenga Kojani ndani ya jiwe." Nilicheka mpaka nikashika ubavu.

Ndiyo maana mnayasaga yale madini yenu meusi yanayong'aa kama wanja, kwenye kinu cha chuma chenye gololi ndani, mpaka punje moja inakuwa ndogo kiasi kwamba unywele wa mtu uupasue maelfu ndipo ulingane nayo. Nano, ulisema ndilo jina lake. Kisha mnaushindilia ule unga kwa moto na nguvu, ushikamane uwe bamba tena, lakini haraka haraka, kabla punje hazijaungana zikakua. Zikikua, vichochoro vinageuka barabara, na kitanda kinapita.

Ami yako Ngwali alikuwepo jioni ile. Unakumbuka alivyotia maneno yake? "Yakhe, mtoto kapanda ndege kwenda kusaga! Si angebaki hapa akamsaidia Nusaiba kusaga mchele wa vitumbua?" Mkewe Nusaiba akamjibu, "Mwache, huyu anasaga visivyoonekana, wewe unakula vinavyoonekana na husemi ahsante." Tulicheka sote. Ngwali ni kaka yangu wa tumbo moja, nampenda, na utani wake nimeuzoea tangu utotoni. Ninakukumbusha ili ujue kwamba aliketi pale. Aliyasikia yote. Alisikia ulivyosema, zaidi ya mara moja, kwamba upande wa nje lazima upate hewa, kwamba yale mapezi ya bati na kile kifeni ndiyo pua ya sanduku.

Sanduku la kwanza ulilotuachia lilikuwa na bamba la dukani. Lilifanya kazi, sikatai, lakini lilikula betri kama mgeni asiye na haya. Jua likitua na lenyewe limekwisha, alfajiri dawa ina uvuguvugu. Ulipotuma hili la pili lenye bamba lenu la vichochoro, kwa kioo kile kile cha sola na betri ile ile, nilikuwa nikiamka kwa sala ya alfajiri natia mkono ndani nasema Subhanallah. Baridi kama maji ya kisima cha pango. Laila akanenepa. Akaacha kuamka usiku kwenda haja kila mara. Mwalimu wake wa hesabu akanisimamisha njiani kuniuliza nimempa nini mtoto, maana hasinzii tena darasani. Nilimwambia nimempa dada yake aliye Japani.

Haya. Sasa sikiliza.

Mwezi wa Rajab Yumna, binti wa ami yako, aliolewa. Bwana harusi anatoka Shumba, watu wazuri, wenye dini, walikuja na mashua zilizojaa. Nilikuwa kwenye jiko la shughuli tangu Alhamisi asubuhi, na usiku ule nikalala huko huko kama ilivyo desturi ya wapishi. Laila nilimwacha nyumbani, sanduku liko pahala pake, dawa imo.

Nilipoondoka tu, Nusaiba akaenda kwangu. Unajua vikuba vya bibi harusi, vile vishada vya asmini, vinavyosumbua kipindi hiki cha joto. Asmini ikichumwa jioni, kesho mchana imeshalegea. Akasema moyoni mwake: sanduku la Moza lina baridi, maua yatakaa mpaka usiku wa bwana harusi kuingia ndani, wanawake wa Shumba waone kwamba Kojani nako kuna watu. Laila alimwambia, "Mama kakataza lisiondoshwe." Akamjibu, "Mama yako yuko kwetu anachambua mchele. Tangu lini chombo kikaazimwa kwa shughuli kikakataliwa? Wewe ndiye utakayeanza?" Mtoto kama yeye atasema nini mbele ya mke wa mjomba wake? Na kweli, Nadhira, kwetu hakuna anayenyima chombo cha shughuli. Sufuria, mikeka, majamvi, hata mlango hung'olewa ukenda kulaziwa masinia. Lakini mimi ningenyima. Wallahi ningenyima, na wangenisema mpaka kaburini, na ningelala usingizi wangu.

Dawa alizitoa akazitia kwenye bakuli la bati lenye maji, akaliweka dirishani. "Hapa pana upepo," akasema, akaondoka na sanduku, betri na kioo chake. Dirisha lile ndilo linalopigwa na jua kutoka saa nne mpaka alasiri.

Ijumaa, baada ya alasiri, nilipeleka sinia la chakula chumba cha bibi harusi. Nakuta wanawake wamezunguka kitu pembeni ya kitanda, wanakisifu. Kimevishwa satini ya waridi mpaka chini, kimezungushiwa lesi, juu kimebandikwa ua la kutengeneza. Nikauliza ni nini. Mmoja akanijibu kwa furaha, "Friji ya asmini, Bi Moza! Mwenyewe bibi harusi ana friji yake ya maua!"

Nikaweka mkono juu ya ile satini. Nadhira, ilikuwa moto kama ubavu wa tanuri ya mikate. Nikaifunua. Kifeni kimesimama, nyuzi za lesi zimekizonga kama nywele kwenye kitana. Mapezi huwezi kuyagusa. Nikafungua kifuniko, harufu iliyotoka haikuwa ya asmini, ilikuwa ya mboga iliyochemka. Vikuba vyote vimeiva, vimekuwa rangi ya chai.

Nusaiba akaja mbio. "Polepole, wifi, wageni wa Shumba wamo humu ndani."

"Nani kalivisha?"

"Si lilikuwa uchi? Misumari na mabati yanaonekana. Chupa ya chai tumeivisha, jagi tumelivisha, tuliache hili peke yake tupu mbele za watu?"

"Dawa ya mwanangu iko wapi?"

Hapo ndipo alipojishika kinywa.

Sikuaga. Nilikwenda nyumbani na mikono ina mafuta ya biriani. Bakuli nililikuta dirishani, maji yake mtu angeweza kumwogeshea mtoto mchanga wakati wa mvua. Vichupa nilivitupa pale pale, nikabakisha kimoja mfukoni. Lakini Laila alikuwa ameshajidunga humo tangu jana yake, mara zake zote, kwa adabu, kama alivyofundishwa.

Magharibi ilipoadhiniwa alianza kutapika. Kisha akawa anahema kwa kina, kama mtu aliyepanda mnazi mrefu, na pumzi yake ina harufu ya matunda yaliyovunda. Matano, yule jirani yetu mwenye mashua ya mashine, aliacha sinia la harusi mkononi mwa watu, hata mikono hakunawa, akatuvusha. Kivukoni tukapata gari mpaka hospitali. Njia nzima nilikuwa nikisoma kila nililolijua, nikikosea, nikirudia. Daktari alipoona kile kichupa nilichokibakisha, aliniambia, "Mama, huyu alikuwa akijidunga maji."

Mola ni mwingi wa rehema. Alizinduka, akakaa hospitali mpaka alipopata nguvu, akarudi. Alhamdulillah, alhamdulillah. Sasa ukimwona huwezi kujua. Ila dawa yake inakaa kwenye friji ya kituo cha afya ng'ambo, nami ninavuka kuifuata, na nikirudi naiweka tena kwenye chungu cha mchanga. Tumerudi pale pale uliponikuta.

Hayo ni ya Laila. Sasa njoo kwako.

Nikiwa bado hospitali, simu haina chaji, ami yako akaandika kwenye kundi letu la familia. Nimekuja kuyasoma baadaye. Aliandika kwamba kidude cha Nadhira kimekufa, joto la Pemba kimelishindwa, na Laila alipata mtihani kidogo lakini anaendelea vizuri. Mtihani kidogo! Satini hakuitaja. Lesi hakuitaja. Watu wakaleta mikono ya dua na "Mola atajaalia kingine". Nawe, mwanangu, ukajibu kwa aibu kana kwamba umeiba. Ukaomba radhi kwa Laila na kwa sisi sote. Ukasema yamkini punje zimekua kwa joto na unyevu, kwamba umeshamwarifu profesa wako, na kwamba mwezi ujao utakaposimama mbele ya jopo utasema njia hii ya vichochoro haifai kwa nchi kama yetu, mtaiacha.

Niliposoma hapo nilitoka nje. Nilihisi nyumba imekuwa ndogo.

Nilikupigia. Ukanijibu, "Usijali, shangazi, nishazoea kushindwa." Simu ikakatika. Nilipiga tena haikupatikana. Ndiyo sababu ya karatasi hii.

Na wewe pia nina neno nawe, usidhani umesalimika. Kwa nini uliamini upesi hivyo? Hukuuliza hata swali moja. Hukusema, "Ami, lilikuwa limewekwa wapi? Nani aliligusa?" Mtu akikwambia chungu chako kimevuja, kwanza utazame kama hakikupigwa jiwe. Mwanamke wa kwetu akiambiwa kuna kosa, anaanza kulitafuta mwilini mwake. Nilidhani elimu ingekuponyesha ugonjwa huo. Nimekukasirikia kwa hilo, nami nakukasirikia kama mama anavyomkasirikia mtoto aliyekubali kupigwa na mtoto wa jirani.

Niliporudi kutoka hospitali niliitisha kikao nyumbani kwa Ngwali. Nilimwomba Shehe Rajab, ndiye aliyefungisha ndoa ya Yumna, aje awe baina yetu. Nikasema niliyoyaona. Nusaiba alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, kila siku analeta uji kwa Laila na mimi namfungulia mlango. Ila Ngwali alikunja miguu yake vizuri akasema, "Dada, hii ni kadari. Mwenyezi Mungu aliandika."

"Kadari gani hiyo, kaka, inayoshona lesi?"

"Usicheze na maneno ya dini, Moza."

"Anayecheza nayo ni nani? Mtu anafunika pua ya mwenzake, akifa anasema ameandikiwa!"

Hili ndilo linaloniuma kupita yote, Nadhira. Mimi kadari naiamini, ni nguzo ya imani yangu, nilimzika baba yako na kaka zangu wengine wawili nikiishikilia hiyo. Lakini kadari ni ya kumliwaza aliyefikwa. Haikuletwa iwe pazia la aliyefanya. Kila likiharibika jambo kwetu kwa uzembe, mashua isiyozibwa, kisima kisichofunikwa, husikii mtu akisema nimekosa. Utasikia Mola kapenda. Astaghfirullah, tunamsingizia mpaka Yeye.

Ngwali akageukia upande mwingine. Akasema basi tuliache humu ndani, kusitiri aibu ya ndugu ni thawabu, na Yumna bado ni bibi harusi mpya. Wakwe wa Shumba wakisikia dawa ya mtoto ilitolewa kwenye sanduku ili maua yapate baridi, watamtazamaje? Hapo alinigusa, sikufichi. Yumna nimemlea, na hakujua lolote, siku ile alikuwa amefunikwa ushungi hata njia alikuwa haioni.

Shehe Rajab ndiye aliyeuliza, "Na huyu mtoto aliye Japani, anaambiwa nini?"

Nikamsomea kutoka kwenye simu ulivyoandika. Shehe akanitaka nisome tena pale uliposema mtaiacha kazi. Nikasoma. Akasema, "Basi aibu haikusitiriwa. Imetolewa kwa mmoja akapewa mwingine. Bi Moza, mwandikie mtoto ukweli. Lakini sharti moja: usimseme kaka yako nyuma ya mgongo wake ikawa umemsengenya. Utakayoyaandika, yasikie masikio yake kwanza."

Nilikubali. Kumbe kukubali ni rahisi. Nimeandika karatasi na kuchana, naandika na kuchana. Maneno mengi yaliyokuwa matamu kuyaandika nikiwa peke yangu yalikuwa machungu nilipofikiri Ngwali ameketi mbele yangu anayasikia. Haya uliyoyasoma mpaka hapa ndiyo yaliyobaki.

Leo asubuhi nilimwita. Alikuja peke yake, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki karibu na mlango. Nilitaka kumtilia chai, akasema amefunga sunna, leo ni kumi na tatu ya mwezi. Basi nikamsomea. Yote, tangu soksi zako mpaka sharti la Shehe. Kwenye vitumbua alitabasamu. Kwenye hospitali aliinamisha kichwa. Kwenye kadari nilidhani atainuka aondoke, hakuinuka.

Nilipomaliza akasema, "Umeacha jambo."

Nikamwambia, "Lipi?"

"Ijumaa, kabla sijakwenda msikitini, niliingia chumba kile kutazama kama kiko tayari. Nikapita karibu na sanduku, nikahisi fukuto. Nikafunua satini. Kifeni kilikuwa bado kinazunguka, kinakoroma, kinakwama. Nikakumbuka maneno ya Nadhira ya pua. Nikataka kulivua. Nusaiba akaita kutoka nje, mashua za Shumba zimefika. Nikalifunika tena. Nikalinyoosha lile lesi kwa mkono wangu." Akanionyesha mkono wenyewe, kama mimi siujui. "Liandike hilo. Uandike ni mimi, usimtaje mke wangu peke yake. Yeye hakujua. Mimi nilijua."

Nimeliandika, Nadhira, kama alivyolisema. Alingoja nilipokuwa nikiandika, na nilipomaliza akataka nimsomee hilo peke yake tena. Nikamsomea. Akasema, "Ndivyo." Akavaa viatu vyake. Mlangoni akaniambia kwenye kundi la familia ataandika mwenyewe. Mpaka ninapokuandikia mstari huu hajaandika. Huenda ataandika, huenda atashindwa. Mimi sitamwandikia.

Hasira yangu bado ipo, nisikudanganye. Nikimwona Laila anapima kidole chake inanipanda upya. Lakini sasa unajua, na anayesema si mimi tu.

Litazame hilo bamba kwa vyombo vyenu. Utaona upande mmoja risasi ya kuungia imeyeyuka ikatiririka, na pembeni pana uzi wa waridi umegandia. Usiutoe. Mwonyeshe profesa wako. Mwambie bamba lilikesha na dawa tangu lilipofika, mvua na kiangazi, na halikuyumba hata mara moja mpaka lilipozibwa pua. Mwambie kuonya ulionya, ila una watu wasiosikia. Na ukijenga jingine, Mola akijaalia, lijengee uzio wa chuma juu ya hayo mapezi, mkali, wa kuchoma, kitambaa kisikae. Sisi tunakujua, utujengee kwa tulivyo. Bado kuna watoto wengine wa sindano hapa kisiwani ambao mama zao walikuwa wakija kwangu kulitazama sanduku na kuuliza lini litakuja lao. Niliwaambia lipo njiani. Sijawaambia vingine.

Laila anakusalimu sana, anasema hajakasirika na mtu ila anataka sanduku lake liwe la buluu. Yumna anakusalimu, amejua kila kitu, alikuja akamkumbatia mdogo wake Laila. Nusaiba anakusalimu na anaomba umsamehe. Matano na watoto wake wanakusalimu. Shehe Rajab amekuombea dua baada ya sala ya Ijumaa, kwa jina lako na la baba yako. Nami nakuombea Mola akupe kifua kipana, akulinde na baridi na macho ya watu, auweke ukweli kwenye ulimi wako siku utakaposimama mbele ya wakubwa zako, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Usiwaambie mtaiacha kazi kabla hujanijibu mimi. Nijibu upesi, mwanangu, kwa simu au kwa karatasi, nijue barua hii imekufika.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye na kukukasirikia kwa moyo mmoja,

Moza